Namna ya Kupunguza Kuanguka kwa Mtu Mwenye Ugonjwa wa Parkinson

Mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson haanguki kiholela. Ukimfuatilia kwa majuma machache utagundua kwamba huanguka mahali pale pale, au saa ile ile, au akifanya jambo lile lile: anapogeuka jikoni, anapovuka kizingiti cha choo, anapoinuka kitandani alfajiri, anapovuta mlango kuelekea kifuani. Takriban watu 6 kati ya 10 wenye ugonjwa huu huanguka angalau mara moja kwa mwaka, na wengi wa hao huanguka tena na tena. Dawa hupunguza hatari hiyo kwa kiasi tu. Kazi kubwa iliyobaki hufanyika nyumbani, kati ya mgonjwa na wanaoishi naye, nayo ndiyo inayoelezwa hapa.

Kwa nini mwili hushindwa kujizuia

Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, na katika ugonjwa huu chembe hizo hufa polepole kwa miaka mingi. Dopamini huwezesha mienendo tuliyoizoea ijiendeshe yenyewe: kutembea, kupunga mikono, kugeuka, na kurudisha mguu nyuma upesi mtu anaposukumwa. Inapopungua, hatua hufupika, mwili hukakamaa na kuinamia mbele, na miguu hulazimika kukifukuza kiwiliwili kilichokwisha kutangulia. James Parkinson, daktari wa London, aliieleza mwaka 1817 hali hiyo ya mtu kuanza kwa kutembea na kujikuta anakimbia bila kukusudia. Levodopa, ambayo ndiyo dawa kuu ya ugonjwa huu, hulegeza ukakamavu na kurefusha hatua, lakini husaidia kidogo sana katika ule uwezo wa kujizuia mtu akiyumba. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huanguka zaidi baada ya kupata nafuu, kwa kuwa sasa wanatembea kwa kasi ambayo mizani ya mwili wao haiwezi kuihimili.

Kilichobaki kizima zaidi ni uwezo wa kufanya jambo kwa kukusudia. Mgonjwa anayeburuta miguu sebuleni aweza kupanda ngazi vizuri, kwa sababu kila kipandio hulionyesha jicho mahali pa kuweka mguu. Karibu mbinu zote zifuatazo zimejengwa juu ya jambo hilo: mwendo uliokuwa ukijiendesha wenyewe sasa ufanywe kwa kufikiriwa, sehemu moja baada ya nyingine.

Anza na daftari

Kabla ya kununua fimbo au kubomoa kizingiti, andikeni. Kila anapoanguka, au anapokaribia kuanguka akadakwa, andikeni saa, mahali, alichokuwa akifanya, upande alioangukia, na saa aliyomeza dawa mara ya mwisho. Daftari hilo lina thamani kubwa kwa daktari kuliko maelezo ya jumla kwamba mzee huanguka sana siku hizi.

Akianguka zaidi muda mfupi kabla ya dozi inayofuata, huenda dawa inaisha nguvu mapema, na daktari aweza kubadili saa au kiasi. Huenda pia chakula ndicho kinachoizuia: protini ya nyama, maharage na maziwa hushindana na levodopa katika kufyonzwa, kwa hiyo ni vyema dawa imezwe kama nusu saa kabla ya mlo. Hilo halimaanishi mgonjwa anyimwe maharage, kwa maana mwili uliokonda nao huanguka kwa urahisi. Iwapo kuanguka kulianza mapema sana, ndani ya mwaka wa kwanza wa dalili, mwambieni daktari waziwazi, kwa sababu yapo magonjwa mengine yanayofanana na Parkinson ambayo huanza kwa namna hiyo.

Akianguka mara tu baada ya kusimama, au akisema kwamba macho yanaingia giza, pimeni presha. Alale kwa dakika 5, apimwe, kisha asimame na kupimwa tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, tatizo limepatikana. Ugonjwa wenyewe huweza kuleta hali hiyo, na vilevile levodopa, dawa za kushusha presha na dawa za kukojoza. Wakati daktari anazipitia dawa hizo, mgonjwa aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama, achezeshe nyayo juu na chini, anywe maji ya kutosha isipokuwa kama ana maradhi ya moyo au figo yanayomkataza, na asiinuke haraka baada ya mlo mzito au kuoga maji ya moto.

Jambo jingine la kukaguliwa ni mfuko wa dawa. Metoklopramidi, ambayo hutolewa kwa wingi kutuliza kichefuchefu, huzuia dopamini ubongoni na kuuzidisha ugonjwa. Haloperidoli na klorpromazini hufanya vivyo hivyo. Mwuguzi au mwenye duka la dawa asiyejua kwamba mteja wake ana Parkinson hana namna ya kuliepuka kosa hilo, basi na aambiwe kila mara.

Kugeuka na kuganda

Hapa ndipo wengi huangukia, na hapa ndipo mafunzo huleta tofauti kubwa. Mtu asiye na ugonjwa huu hugeuka kwa kuzunguka juu ya mguu mmoja bila kufikiri. Mwenye Parkinson akijaribu hivyo, kiwiliwili huzunguka na miguu hubaki ilipo, ikipishana. Afundishwe kugeuka kwa kuzunguka upinde mpana, kama gari kubwa linavyogeuza, akiinua kila mguu na kuuweka chini kwa makusudi. Penye nafasi finyu, kama mbele ya jiko, ajione amesimama katikati ya saa ya ukutani iliyolazwa sakafuni, apige hatua kwenda kwenye 12, kisha 3, kisha 6, mpaka ageukie anakotaka.

Kuganda ni ile hali ya miguu kukwama sakafuni huku mwili ukitaka kuendelea. Hutokea mlangoni, kwenye ushoroba mwembamba, katika kugeuka, na hasa mtu anapoharakishwa. Kosa la kawaida ni kusukumana na miguu hiyo iliyokwama, kwa sababu kadiri mgonjwa anavyojilazimisha ndivyo kifua kinavyozidi kutangulia. Afanye kinyume: asimame kabisa, avute pumzi na kuitoa, anyooshe mgongo, ahamishie uzito mguu mmoja mpaka ausikie mwingine umekuwa mwepesi, kisha apige hatua moja ndefu na huo mwepesi. Wengine hufaulu zaidi kwa kuhesabu kwa sauti, kwa kuimba wimbo wenye mdundo, au kwa kulenga mstari. Vipande vya utepe wa rangi vilivyobandikwa sakafuni mbele ya mlango wa choo, kimoja baada ya kingine kwa urefu wa hatua ya kawaida, hugharimu fedha kidogo na husaidia kuliko watu wanavyotarajia.

Mbinu ya mdundo imejaribiwa kwetu pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulihusu wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania ambao hawakuwa wamewahi kutumia dawa za ugonjwa huu, na mafunzo ya kutembea kwa kufuata mdundo yaliongeza kasi yao ya kutembea, hata walipokuwa wakifanya jambo la pili wakati huohuo. Kwa familia ambayo levodopa haipatikani kila mwezi, au bei yake imeishinda, hilo si jambo dogo.

Anayesaidia asimvute mkono wala asimsukume mgongoni, na zaidi ya yote asimwambie afanye haraka. Aweke mguu wake mbele ya wa mgonjwa, ukiwa umekingama, na kumwomba auvuke. Wakitembea pamoja, mgonjwa ndiye amshike msaidizi mkono, kwa sababu anayeshikwa hupoteza uhuru wa kujirekebisha. Mazungumzo yangoje mpaka waketi. Kutembea na kuzungumza ni kazi mbili, na ubongo huu sasa unamudu moja. Kwa sababu hiyo hiyo asibebe ndoo au sinia kwa mikono miwili.

Kuanguka kinyumenyume

Anguko la nyuma huja mgonjwa anapovuta kitu, anapofikia rafu ya juu, au anaporudi nyuma ili kuketi. Asimame ubavuni mwa mlango badala ya mbele yake, na mguu mmoja uwe mbele ya mwingine. Vyombo vya kila siku vishushwe viwe kati ya kiuno na mabega. Akitaka kuketi, asirudi nyuma kuanzia mbali: akisogelee kiti, ageuke kwa upinde, na aguse ukingo wake kwa nyuma ya miguu yote miwili kabla ya kuinama. Akitaka kuinuka, asogee mbele ya kiti, arudishe nyayo chini ya magoti, ainamishe kichwa mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume kwa mikono. Kochi lenye kuzama na kigoda cha chini ni mitego.

Kwa Mwislamu, kuinuka kutoka sijda hukusanya hatari zote pamoja: kichwa kilikuwa chini, magoti yamekunjwa, na presha huweza kushuka ghafla. Asiyeweza amepewa ruhusa ya kuswali ameketi, na ni bora kiti kitumike kabla ya nyonga kuvunjika.

Nyumba, viatu na fimbo

Ondoeni mazulia madogo, waya za umeme na mikeka inayokunjika pembeni. Marumaru yenye maji ndiyo adui mkubwa wa bafuni. Wekeni mpira usioteleza, vishikio vya chuma vilivyofungwa imara ukutani, na kiti cha kuogea. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti chenye tundu. Usiku kuwe na taa, au chombo cha kukojolea karibu na kitanda. Kandambili ziachwe, na zitumike badala yake viatu vinavyofunika kisigino na visivyo vizito.

Fimbo huwafaa baadhi. Fremu ya kutembelea, ile ya kuinua na kuweka kila hatua, huwafaa wachache, kwa maana huukatiza mwendo na kuleta kuganda. Yenye magurudumu na breki ni afadhali, baada ya mtaalamu wa fiziotherapia kumpima mgonjwa. Mtaalamu huyo ndiye pia wa kupanga mazoezi. Katika utafiti wa jimbo la Oregon, Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, wagonjwa 195 waligawanywa katika makundi, na waliofanya zoezi la Kichina la taichi mara mbili kwa juma kwa majuma 24 walianguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu.

Akianguka

Msimnyanyue papo hapo. Alale kwanza, aulizwe panapouma. Mguu ukionekana mfupi kuliko mwenzake na umegeukia nje, au akishindwa kuukanyagia, huenda nyonga imevunjika: asisimamishwe, apelekwe hospitali. Apelekwe vilevile akiwa amegonga kichwa na kisha kutapika, kuchanganyikiwa au kusinzia, na bila kungoja dalili ikiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Asipokuwa na jeraha, ageuke ubavu, asimame kwa mikono na magoti, atambae hadi kwenye kiti imara, aweke mikono juu yake, atangulize mguu wenye nguvu na kujisukuma juu. Msaidizi akae na kiti kingine nyuma yake.

Akilazwa, apelekwe na karatasi yenye majina ya dawa zake na saa kamili za kuzimeza, na ndugu wahakikishe kwamba levodopa haisimamishwi ghafla.