Funga namba ya mtoto mapema: kwa wazazi tulioko Marekani

Mtoto wa miaka sita hana deni wala historia ya bili, na hakuna atakayeichungulia namba yake ya Social Security, ile ya utambulisho inayotolewa na serikali, mpaka aombe mkopo wa chuo au apange nyumba. Mwizi ana zaidi ya miaka kumi ya kujinafasi. Tena tangu Juni 2011 namba hizi hutolewa bila mpangilio, wakati zamani tarakimu tatu za mwanzo zilionyesha jimbo. Namba ya mtoto mchanga siku hizi haijitambulishi. Mtu anaibandika jina jingine na tarehe nyingine ya kuzaliwa, na mtu asiyekuwepo duniani anaanza kupewa kadi za mkopo.

Dawa kubwa ni kufunga faili la mkopo la mtoto, yaani rekodi ya mikopo na madeni, kabla halijaguswa, ili mtu asiweze kukopa kwa namba yake. Tangu Septemba 2018 sheria inamruhusu mzazi kufanya hivyo bure kwa mtoto aliye chini ya miaka 16. Akifika 16 anaweza kujifungia mwenyewe. Kazi yenyewe inachosha. Kampuni zinazotunza mafaili hayo ni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, na kila moja inataka barua yake, maana kufunga moja hakuzigusi nyingine. Andaa nakala za cheti cha kuzaliwa, kadi ya Social Security ya mtoto, kitambulisho chako, na bili ya karibuni ya umeme au maji yenye jina na anwani yako. Ukiwa unamlea mtoto wa marehemu dada yako, utahitaji karatasi ya mahakama inayokutambua kuwa mlezi. Barua za majibu zitunze. Ndizo zitakazohitajika siku ya kufungua.

Kabla ya kuandika barua hizo, linganisha karatasi zenu. Wengi waliopitia kambi za wakimbizi waliandikiwa tarehe 1 Januari, na utakuta nyumba moja ina ndugu watatu wa tarehe hiyo hiyo, majina yakiachana herufi mbili. Mafaili yao huchanganywa kirahisi. Kama kadi inasema Hassan Juma na cheti kinasema Juma Hassan, nenda kwanza ofisi ya Social Security wakarekebishe. Kadi isikae kwenye pochi: ikipotea, nakala mpya zina kikomo cha tatu kwa mwaka na kumi kwa maisha yote.

Fomu nazo zisikutishe. Shule ya serikali haiwezi kumkatalia mtoto kwa sababu hukuandika namba. Kwa daktari wa meno acha nafasi wazi. Wakiuliza, nawe uliza wanaitakia nini. Ila Medicaid (bima ya afya ya serikali), SNAP (msaada wa chakula) na kodi, hapo huna ujanja, toa.

Linalotuuma zaidi liko kwenye simu za ndugu. "Shemeji, nipatie namba ya mtoto tu nifungulie umeme, wangu umekatwa, mwisho wa mwezi nalipa." Anaweza kuwa na nia njema kabisa. Bili ikimshinda, jina litakalotafutwa na wadai ni la mtoto. Mwambie nitakuchangia nilicho nacho, namba sitoi. Ukichelewa kusema hapana mara ya kwanza, ya pili ni ngumu maradufu.

Msimu wa kodi huja na lake: kuazimana watoto ili kuongeza marejesho. Ukituma fomu yako ikakataliwa kwa kuwa mtoto ameshaandikwa kwingine, ujue namba imetumika. Kufunga faili la mkopo hakuzuii hili. IRS, idara ya kodi, hutoa PIN (namba ya siri ya kutumia kwenye fomu ya kodi) ya tarakimu sita, inayobadilika kila mwaka, na mtoto pia anaweza kupewa. Yake huombwa kwa fomu 15227 au kwa kufika ofisini kwa miadi.

Barua ya kadi ya mkopo au ya wadai ikifika kwa jina la mtoto, usiitupe ukidhani ni matangazo. Ziulize kampuni zile tatu kama zina faili lake lenye deni; zaidi ya lile ulilolifunga wewe, kwa kawaida halitakiwi kuwepo. Likipatikana, toa taarifa kwenye tovuti ya serikali ya IdentityTheft.gov, ichapishe, uiambatanishe na kila barua ya kupinga deni. Huko unathibitisha kwamba unachosema ni kweli, kwa hiyo kama unamjua aliyefanya, hata akiwa shemeji, usiandike kuwa humjui.