Kupakia ng'ombe Igunga wafike Pugu wakiwa wima

Mimi ni msindikizaji. Tajiri ananunua mnadani, dereva anaendesha, mimi nakaa juu na ng'ombe kutoka Igunga, Tabora, mpaka mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Watu hudhani kazi yangu ni kuwainua waliolala. Kazi ni kuhakikisha hawalali, na sehemu kubwa humalizika Fuso ikiwa bado imezimwa.

Hatua ya 1: Amua nani anabaki

Waangalie wakitembea. Anayechechemea abaki. Jike mwenye kiwele kilichojaa na nyonga zilizolegea abaki pia, tajiri anune asinune, maana atazalia Manyoni katikati ya kwato. Fanya hivyo kabla ya kumwona daktari wa mifugo. Kibali cha kuwasafirisha kinaandikwa idadi, na kumtoa mmoja baadaye ni usumbufu unaowafanya watu wapakie hata mgonjwa.

Hatua ya 2: Maji, majani, kujuana

Wanywe washibe. Wape majani makavu. Mabichi mengi huwaharisha na sakafu inakuwa sabuni. Waliotoka mazizi tofauti walale pamoja usiku mmoja, ugomvi wa pembe uishie chini.

Hatua ya 3: Sakafu

Mwaga mchanga mkavu, juu yake maganda ya mpunga, ambayo kwenye mashine za Igunga hayakosekani. Kisha pitisha kiganja kwenye mbao zote za ndani ya bodi. Niliwahi kuruka hili kwa sababu giza lilikuwa linaingia. Msumari mmoja, mrefu kama kidole cha mwisho, ulimchana maksai mweupe ubavu kutoka begani hadi pajani, kidogo kidogo, kila gari liliporuka. Tuligundua kulipokucha.

Funga miti ya kukingama ugawe bodi vyumba vitatu, madume peke yao.

Hatua ya 4: Kupakia

Pakia jioni. Tumia tuta la udongo, gari lirudi mpaka pasibaki pengo. Ng'ombe akiona shimo jeusi chini ya miguu hapandi, na mimi nisingepanda.

Simama ubavuni. Ukiwa mbele ya bega lake atarudi nyuma, ukiwa nyuma ya bega atasogea mbele. Ukisimama nyuma ya mkia kabisa hakuoni, atageuka kukutafuta. Fimbo ni ya kurefusha mkono: funga mfuko wa plastiki nchani, upeperushe. Mkia usipindwe. Ndani yake mna mifupa, na ule mlio ukishausikia umeshauvunja. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, lakini utingo wengi hawajawahi kuisikia, kwa hiyo waambie wewe.

Wote wakigoma mahali pamoja, acha kelele ukaangalie wanachokiona. Mara ya mwisho ilikuwa shati la utingo limetundikwa mlangoni. Likatolewa, wakapanda.

Ng'ombe wetu wa kienyeji wa kilo 300 anahitaji kama mita 1 ya mraba. Bodi ya mita 6 kwa 2.3 inabeba 13. Tajiri atataka 18. Mwonyeshe kwamba aliyeanguka kwenye msongamano hana pa kuweka miguu ili ainuke.

Hatua ya 5: Njiani

Simama baada ya nusu saa, uwahesabu vichwa. Ukivuka mbuga ya Wembere, mwambie dereva mapema habari ya mlima wa Sekenke: apande kwa gia moja taratibu. Akibadilisha kwa kushtukiza, kundi zima linamwagikia nyuma.

Mchana, dereva akitaka ugali Gairo, ale, lakini gari likae kivulini. Likitembea upepo unawapoza. Likisimama juani joto la miili yao wenyewe linawapika.

Aliyelala: simamisha gari, wasukume wenzake, mpe nafasi ya kunyoosha miguu ya mbele, subiri. Wengi huinuka wenyewe. Pilipili machoni usithubutu. Ng'ombe aliyehangaika safari nzima humaliza sukari ya misuli, na nyama yake hutoka nyeusi, kavu, inayoharibika upesi. Wachinjaji wa Vingunguti wanaijua kwa macho tu.

Hatua ya 6: Kushusha

Fungua mlango, kaa pembeni, atoke wa kwanza kwa hiari yake. Wapeleke majini. Halafu panda tena kwenye bodi tupu usome sakafu: palipokwanguliwa kwa kwato mpaka mbao zikaonekana ndipo walipokuwa wakiteleza. Safari ijayo mchanga uanzie hapo.