Kabla ya kupiga Windows au kusimika Linux, ijue prosesa

Wengi huanza kwa kutafuta faili la ISO, yaani nakala ya kisimikaji cha mfumo. Anza na prosesa, chipu inayotekeleza amri za kompyuta. Kila prosesa ina seti yake ya amri, na mfumo endeshi uliotengenezwa kwa seti nyingine hautawaka. Ukiligundua hilo baada ya kufuta diski, umebaki na mashine tupu.

Usiamini stika, wala mfumo uliomo. Mapema mwaka 2006 Intel ilitoa Core Duo, na katikati ya mwaka huohuo ikatoa Core 2 Duo. Majina yanakaribiana mno, lakini ya kwanza ni ya biti 32 tu, ya pili ni ya biti 64 (biti hapa ni ukubwa wa data ambayo prosesa huishughulikia kwa mkupuo). Kuna pia laptop za biti 64 zinazouzwa zikiwa zimepigwa Windows ya biti 32, na mwenyewe huamini mashine yake ndipo ilipoishia. Kwenye Windows, fungua ukurasa wa About usome mstari wa System type: unataja mfumo kwanza, kisha prosesa. Ukiona x64 upande wa prosesa, biti 64 inakubali hata kama mfumo uliopo ni wa 32. Kwenye Linux usitegemee amri ya uname -m, maana inataja kerneli (kiini cha mfumo) inayoendesha, si prosesa. Andika lscpu, uangalie mstari wa CPU op-mode(s).

Sasa jina la faili. Debian na Ubuntu huliita la biti 64 amd64, na mwenye Intel hulikwepa bila sababu. AMD ndiyo iliyobuni seti hiyo na kuiingiza sokoni mwaka 2003; Intel ikaifuata, jina likabaki. Lakini arm64 ni ukoo mwingine kabisa, wa Raspberry Pi na Mac zenye chipu za M1 na kuendelea. Flashi ya arm64 ukiichomeka kwenye PC ya Intel, huenda isionekane hata kwenye menyu ya kuwashia: UEFI, programu ya ndani ya mashine inayoanzisha mfumo, inatafuta faili la BOOTX64.EFI, na ndani ya flashi kuna BOOTAA64.EFI. Flashi haina kosa. Kuiandaa upya kwa ISO ileile ni kupoteza muda na bando.

Tabiti na laptop ndogo zenye Atom ya Bay Trail zinahitaji uangalifu zaidi. Nyingi zina prosesa ya biti 64 na UEFI ya biti 32, hivyo zinahitaji flashi yenye BOOTIA32.EFI. Fungua folda ya EFI/BOOT uhakikishe kabla ya kugusa diski.

Ukisimika ndani ya VirtualBox, programu ya kuunda kompyuta pepe, na kerneli ikalalamika kwamba imeona i686 tu, yaani biti 32, prosesa yako huenda ni nzima. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) uwashe VT-x ya Intel, au AMD-V ya AMD, zinazoiwezesha prosesa kuendesha kompyuta pepe, kisha uchague aina ya mashine ya biti 64.

Kwa mashine ya biti 32 halisi, Windows 11 haina toleo lake, na Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisimikaji cha i386, jina lake la biti 32. Debian 12 bado inacho. Hata biti 64 pekee haitoshi kila mahali: Red Hat Enterprise Linux 10 inadai kiwango cha x86-64-v3, yaani biti 64 yenye amri za ziada, ambacho Core 2 Duo haifikii.

Na kama unatoka Windows ya biti 32 kwenda 64, hakuna njia ya kupandisha toleo juu kwa juu. Utasimika upya, kwa hiyo hamishia mafaili yako kwenye diski ya nje kwanza, na uyafungue huko kuona kama yamefika salama.