Jambia la kukinga la mazoezi, kwa flatibaa na nati moja

Jambia la kukinga ni la mkono wa kushoto. Katika karne ya 16 na 17, Italia na Hispania, lilishikwa pamoja na rapia, ule upanga mrefu mwembamba: kulia unachoma, kushoto unazuia. Kwa hiyo kazi yenyewe iko kwenye kikingio, kile chuma cha kukinga mkono kinachokatiza kati ya bapa na mpini, si kwenye bapa. Wengi husugua bapa kutwa nzima, halafu kikingio wanakibandika kwa dakika tano. Upanga wa mwenzio ukiteleza, unaishia kwenye vidole vyako.

Ukiwa Dar, mtaa wa Gerezani, ulizia vipande vya flatibaa (mche wa chuma bapa) ya chuma laini, upana milimita 25, unene 5. Huna haja ya kununua mche mzima wa mita 6. Unataka sentimita 44 za bapa na mkia wake (sehemu inayoingia ndani ya mpini), 16 za kikingio, 12 za chuma cha mviringo cha milimita 8 kwa ajili ya pete ya kulinda vidole, na nati nyeusi ya M16. Nati nyeupe ina zinki, na moshi wake ukichomelewa unaleta homa. Springi ya gari achana nayo: imepinda, na inamaliza keekee.

Bapa ni sentimita 32. Lipunguze kutoka milimita 25 penye kikingio hadi 12 kwenye ncha, uiviringe ncha, kisha kingo zote zipige tupa mpaka zisikwaruze kiganja. Sentimita 12 zilizobaki ni mkia, upana milimita 12. Pale bapa linapokutana na mkia usiache kona kali. Maliza kwa tupa ya duara. Jambia likivunjika, kwa kawaida huvunjikia hapo.

Sasa kikingio. Katikati yake panatakiwa tundu la milimita 12 kwa 5 la kupitisha mkia. Toboa kwa keekee ya 4.5 mashimo mawili ya mwisho kwanza, vituo vyake viachane milimita 7.5, ndipo utoboe la kati. Ukienda kwa mfuatano, keekee itakimbilia shimo la jirani na tundu litakaa upande. Malizia kwa tupa ndogo, ukijaribisha mkia kila mara: uingie kwa kugongwa kidogo, usicheze.

Pete ikunje kwenye bomba la inchi moja na robo mpaka iwe nusu duara, ukate ziada. Ichomelee katikati ya kikingio, ikitazama upande wa ubapa wa jambia. Ikielekea upande wa makali, hailindi kitu. Ikikaa sawasawa, anayetumia mkono wa kulia na wa kushoto wote watalitumia. Ni kuligeuza tu.

Kikingio kichomelee upande wa mpini. Kisha vika nati mwisho wa mkia (M16 inapita bila kulazimishwa) nayo uichomelee. Mbao zinakuja baada ya hapo, la sivyo zitaungua. Mabaki ya mninga hayakosekani kwa maseremala wa Keko. Pima nafasi iliyobaki, kama sentimita 10, kata vipande viwili, vichimbe mfereji wa milimita 2.5 kila kimoja, gundisha kwa epoksi, viringia kamba ya katani na ngozi juu.

Jambia zima litakuwa kama gramu 500 hadi 550. Likizidi sana, punguza mikono ya kikingio, si mkia.

Chuma hiki hakinesi, kwa hiyo usichome kwa nguvu hata ukiwa na ncha butu. Ifunge ncha kwa mpira wa tyubu ya baiskeli mikunjo miwili. Barakoa ya kuchezea upanga na glavu nzito ni lazima. Kila baada ya mazoezi pitisha kitambaa kwenye kingo. Kikinasa, kuna kijino, kipige tupa. Halafu paka mafuta ya cherehani, maana hewa ya chumvi ya Dar haisubiri wiki. Na kwenye daladala liwe ndani ya begi.