Mishipa imekuvimba miguuni? Soma kabla hujaenda kuumikwa

Kwanza tuelewane, maana huku kisiwani Lamu ukisema mshipa watu wanafikiria ngiri ama busha, na mguu ukivimba kidogo tu ushaambiwa ni matende. Matende ni minyoo inayoenezwa na mbu. Hii ninayosema ni ile mishipa ya buluu inayotokeza mguuni imejipinda kama kamba ya jahazi, jioni mguu mzito, unawasha, usiku misuli inakaza.

Damu ikishuka miguuni lazima ipande tena mpaka moyoni, na kinachoisukuma ni shavu la mguu kila ukipiga hatua, halafu ndani ya mshipa mna vilango vidogo vya kuizuia isirudi chini, sasa vilango vikilegea damu inatuama na mshipa unatanuka. Mamaangu amezaa sita na amechoma mahamri miaka yote, kutoka alfajiri yuko wima mbele ya karai, na hata nyanyaangu alikuwa nayo, kwa hivyo haikosi kumpata.

Ukiwa kazini usisimame kama nguzo, nyanyua visigino juu chini, juu chini, na kila nusu saa zunguka kidogo. Jioni lala chali miguu uiweke juu ya mito ipite usawa wa moyo, dakika 15, mara tatu nne kwa siku ukiweza. Kukaa barazani na miguu juu ya kigoda ni raha lakini haitoshi, bado iko chini ya moyo. Na tembea jamani, kutoka mjini hadi Shela kwa miguu ni dawa tosha.

Soksi za kubana zinasaidia sana hata kama joto letu linazifanya zichoshe, zivae asubuhi kabla hujashuka kitandani, usiku uzivue. Ila muone daktari kwanza akupime, hasa kama una sukari, maana kama damu haifiki vizuri miguuni zitakudhuru.

Mafuta ya nazi yanalainisha ngozi kavu, mshipa hayauondoi. Hijama, yaani huko kuumikwa, juu ya mshipa wenyewe usikubali, wala chale.

Nasema hivi kwa sababu siku moja mama alijikuna tu akiwa chooni, ukucha ukagusa mshipa, damu ikaruka mpaka ukutani. Alikuwa amesimama na sisi tunamwagia maji, kumbe kinachotakiwa ni alale hapo hapo, mguu uinuliwe juu, ubonyeze kwa nguvu na kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Tulipomlaza juu ya leso ndio ikakatika, halafu hospitali.

Ngozi ikizidi kuwa nyeusi karibu na kifundo ama kidonda hakiponi, nenda ukapigwe ultrasaundi, siku hizi kuna leza, sindano na upasuaji. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, unauma na una moto, usimwachie mtu aukande, huenda damu imeganda, nenda siku hiyo hiyo. Pumzi ikibana ama kifua kikiuma usingoje kuche, hata kama ni usiku tafuta boti.