Jinsi ya kuisoma historia ya Carcassonne ukutani, hata ukiwa Dodoma

Ukitaka kuielewa historia ya Carcassonne, ule mji wa ngome juu ya kilima kusini mwa Ufaransa, usianze na majina ya wafalme maana utachoka mapema, anza na ukuta wenyewe. Tafuta picha kubwa kwenye simu afu vuta karibu mpaka uone jiwe moja moja. Ukikuta vijiwe vidogo vidogo na katikati yake mistari myekundu ya matofali, hiyo ni kazi ya enzi za Warumi, karne ya 3 na 4. Mawe makubwa yaliyotuna kama mgongo wa mkate ni ya mwisho wa karne ya 13, wakati wa mfalme Philippe III.

Sasa angalia, kuta ziko mbili, moja ndani ya nyingine, jumla kama kilomita 3 na minara 52. Kwanini mbili? Rudi Agosti 1209. Jeshi la vita vya msalaba lilikuja kuwasaka Wakathari, Wakristo waliokuwa wanapingana na Kanisa la Roma, na mtawala wa mji, kijana Raymond-Roger Trencavel, akajifungia humo na watu wake jua likiwa kali na maji wamekatiwa. Hapa usisome tu, panda mlima wowote wa mawe hapa kwetu, hata Mlima Simba, mchana wa mwezi wa kumi, beba maji ila kaa nusu saa kabla hujanywa. Sisi tuliokua na foleni ya ndoo kisimani tunaelewa haraka kwanini ndani ya wiki mbili tu walisalimu amri. Trencavel akafia gerezani Novemba hiyohiyo, inaniuma kila nikiisoma. Mwanae alijaribu kuurudisha mji mwaka 1240 akashindwa, na ukuta wa nje uliongezwa enzi za Louis IX, mfalme wa Ufaransa aliyekuwa anaushikilia, ili mji uwe mgumu zaidi kuvamiwa.

Mwaka 1659 mpaka na Hispania ukasogezwa mbali, ngome ikakosa kazi, watu wakawa wanabeba mawe yake kujengea. Karibu na 1850 serikali ilitaka kuibomoa kabisa, Cros-Mayrevieille wa hapohapo mjini na mwandishi Prosper Mérimée wakapambana mpaka ikaokoka.

Mwisho kagua mapaa. Yale marefu ya mchongoko yenye vigae vyeusi kaweka Viollet-le-Duc, fundi aliyeanza ukarabati 1853, na ndo mtindo wa kaskazini, kusini wanaezeka paa la chini lenye vigae vyekundu. Yani ni kama ukarabati tembe la Kigogo afu uliezeke makuti ya Bagamoyo! UNESCO waliuorodhesha mji hivohivo kuwa urithi wa dunia mwaka 1997. Kwaiyo chora mnara mmoja kwenye daftari, paa lake kalamu ya bluu, mawe ya kale nyekundu, utaona nyekundu ndo imejaa ukurasa.