Jinsi ya kuandaa kipindi cha watoto na familia maktabani kwa gharama ndogo

Juzi nilikuwa nikimsaidia mkutubi aliyekabidhiwa kitengo cha watoto, na swali lake la kwanza likawa anunue nini. Nilimshauri asinunue chochote kwanza. Maktaba tayari ina vitabu, sakafu, karatasi zilizochapwa upande mmoja na mtu anayeweza kuimba. Kinachomaliza fedha, na kumchosha mkutubi, ni kubuni jambo jipya kila wiki. Ukiwa na mpangilio mmoja unaorudiwa, gharama hushuka na watoto hufurahi zaidi, kwa sababu mtoto mdogo hupenda kujua kinachofuata.

Hatua ya 1: Amua umri, kisha saa

Watoto walio chini ya miaka 3 wanatosheka na dakika 20. Wa miaka 3 hadi 5 wanaweza kufika dakika 40, shughuli ya mikono ikiwemo. Kama uko peke yako, usianzishe makundi mawili. Anzisha moja la familia nzima. Asubuhi inawafaa wadogo kwa kuwa hawajaanza kusinzia, lakini asubuhi ya siku ya kazi inawafungia mlango wazazi wengi. Mimi huchagua Jumamosi.

Hatua ya 2: Weka mpangilio usiobadilika

Wangu ni huu: wimbo wa kukaribishana, kitabu, wimbo wa viungo vya mwili, kitabu kifupi zaidi, shughuli ya mikono, wimbo wa kuagana. Nyimbo za mwanzo na mwisho hazibadiliki kamwe. Wakutubi wa Marekani wana mpango uitwao Every Child Ready to Read, ambao toleo lake la mwaka 2011 linawahimiza wazazi kufanya mambo 5 na watoto wao: kuzungumza, kuimba, kusoma, kuandika na kucheza. Nikishapanga kipindi hukipitisha kwenye mambo hayo, na kikikosa moja ninalirudisha. Mara nyingi linalosahaulika ni kuandika, ingawa kwa mtoto wa miaka 2 kuchorachora tu kunatosha.

Panga vipindi 6 kwa mkupuo mmoja, halafu pumzika wiki mbili. Kitabu kilichopendwa kirudie wiki inayofuata bila kuona haya. Watoto huokota maneno mapya zaidi wanapokisikia kitabu kilekile tena.

Hatua ya 3: Chagua kitabu na ukisome kwa kuuliza

Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, lakini urefu wa kweli uko kwenye maneno. Kisome kwa sauti ukiwa na saa. Kikizidi dakika 7, kiache. Kisha kisimamishe, urudi nyuma mita 3, uone kama picha bado zinaonekana. Kitabu kizuri chenye picha ndogo ni cha kusomwa mapajani, hakifai kundi.

Unaposoma, uliza. Mwanasaikolojia wa Marekani Grover Whitehurst na wenzake walichapisha mwaka 1988 utafiti kuhusu usomaji wa mazungumzo, na mtindo huo unafuata mambo manne: muulize mtoto, pokea jibu lake, liongeze, kisha mwombe alirudie. Akisema "mbwa", wewe sema "naam, mbwa mkubwa mweusi", halafu semeni pamoja. Maswali matatu kwa kitabu kizima yanatosha. Yakizidi, hadithi inakatikakatika.

Situmii projekta. Watoto huitazama skrini na kumsahau msomaji. Kama vitabu vyenye picha kubwa ni haba, tengeneza kamishibai, yaani hadithi ya kadi za picha iliyovuma mitaani Japani katika miaka ya 1930: picha iko mbele ya kadi, maneno nyuma, nawe unazivuta moja moja. Boksi lililokatwa dirisha linatosha kuwa jukwaa.

Hatua ya 4: Shughuli ya mikono

Hatua hii ndiyo inayomeza saa nyingi za maandalizi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Anza na zana moja kwa umri wote. Niipendayo kuliko zote ni karatasi ya kuchanwa. Mtoto mchanga ataikunjakunja asikie sauti yake, wa miaka 2 ataichana na kuibandika, wa miaka 5 ataikata kwa mkasi butu na kutengeneza sura. Huhitaji shughuli tatu tofauti. Karatasi zitoke kwenye pipa la ofisi, ila kagua upande uliochapwa: fomu za wasomaji zenye majina na namba za simu hazipaswi kutoka nje mikononi mwa watoto. Ng'oa pini zote kwa mkono wako, usimwachie mtu mwingine.

Gundi ipike mwenyewe. Koroga kikombe 1 cha unga wa ngano na kikombe 1 cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina katika vikombe 3 vya maji yanayochemka, koroga kwa moto mdogo hadi iwe nzito, kisha acha ipoe kabisa. Ipike jana yake. Huharibika upesi, kwa hiyo iweke kwenye jokofu na uitupe baada ya siku 3. Ikitoa harufu chachu, itupe hata kabla. Usiruke kuichemsha, kwa sababu unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu na watoto wataonja. Na kabla ya kuanza waulize wazazi kama kuna mtoto mwenye mzio wa ngano. Akiwepo, pika gundi ya wanga wa mahindi kwa wote. Usimtenge yeye peke yake.

Gundi hii ina maji mengi, nayo haikauki kabla ya kuagana. Tumia kipande cha boksi kama msingi badala ya karatasi nyembamba, ambayo hulegea na kuchanika. Andika jina la mtoto nyuma kwa penseli kabla hajabandika chochote. Baadaye hakuna pa kushika. Weka magazeti makuukuu mlangoni wabebee kazi zao.

Usalama: chukua bomba la ndani la karatasi ya chooni. Kitu chochote kinachopita ndani yake hakifai kuwa mezani palipo na mtoto wa chini ya miaka 3. Vifungo, shanga na vizibo vinaondoka hapo hapo. Maputo siyaruhusu kabisa, kwa sababu kipande cha puto lililopasuka kinaweza kuziba koo la mtoto. Unga wa kumetameta nao sitaki kuuona, maana hauondoki kwenye zulia.

Kwa rangi, chagua krayoni nene za nta. Kalamu za wino hukauka zikipoteza vifuniko, krayoni iliyovunjika inakuwa krayoni mbili.

Jambo moja zaidi: usiweke mfano uliokamilika mezani. Ukiuonyesha, wazazi watachukua mikasi ili kazi ifanane na wako, na watoto watabaki wakitazama. Onyesha zana tu, kisha nyamaza.

Hatua ya 5: Wape wazazi kazi

Mzazi asiye na kazi atashika simu. Mkaribishe aketi sakafuni na mtoto wake, umpe maneno ya wimbo kwenye karatasi, umwambie mapema kwamba kiitikio ni chake.

Hatua ya 6: Tangaza

Karatasi moja mlangoni, na nyingine kliniki ya watoto na shule ya awali iliyo karibu. Siku, saa, umri, na neno "bure" kwa herufi kubwa.

Hatua ya 7: Vitabu viende nyumbani

Kabla ya wimbo wa kuagana, panga vitabu 20 hivi sakafuni, majalada yakitazama juu ili mtoto ayaone. Mhudumu wa kuazimisha awe tayari, na fomu za uanachama ziwe pale pale pamoja na kalamu. Familia zikiondoka, andika waliohudhuria, vitabu vilivyoazimwa na wimbo ulioitikiwa vizuri. Daftari hilo ndilo utakalompelekea mkuu wa maktaba ukiomba nyongeza ya vitabu, na namba za walioazima humshawishi kuliko picha. Picha zenyewe usipige bila idhini ya wazazi, wala usirekodi usomaji wa kitabu kizima na kuuweka mtandaoni kabla mchapishaji hajakuruhusu kwa maandishi.